Ng'ombe Weupe wa Binti Yangu

Binti yangu aliingia dukani kwangu Noonkopir, hapa Kitengela, asubuhi, saa ambayo wazazi wananipigia kelele kuhusu sare za shule, akamwaga vipande vya kitambaa juu ya cherehani. Hakunisalimia. Alivipanga kwa vidole, kimoja baada ya kingine, akaniambia nisikilize vizuri.

"Mami, nyeupe ni kifo. Nyeusi ni zimwi. Nyekundu ni uhai, na nyekundu itaonekana mara moja tu kwa filamu yote. Umeshika?"

Nikamwambia nilichoshika ni sindano, na asipoondoa takataka zake juu ya sketi ya mtoto wa watu nitamdunga nayo, aione hiyo nyekundu yake mapema.

Akacheka. Shida ya huyu mtoto ni kwamba nikikasirika yeye hucheka, na nikicheka yeye hukasirika. Alikuwa amemaliza kusomea filamu Nairobi, na badala ya kutafuta kazi kama watoto wa wenzangu, alikuwa ameamua kutengeneza sinema yake mwenyewe. Ingekuwa ya mapenzi ningeielewa. Hii ilikuwa hadithi ya giza na mazimwi. Kuna nchi ambako malkia mmoja anafyonza rangi kutoka kwa kila kitu, nyasi, mito, hata ngozi za watu, na chochote kilichobaki cheupe kimekufa. Mbele ya malkia linatembea zimwi jeusi, kubwa kama wingu, likimeza vijiji. Na katikati ya balaa hilo kuna mwanamke mzee anayesimama langoni mwa boma lake akingoja ng'ombe warudi. Ng'ombe wanarudi kweli, ila wanarudi wote weupe, na hapo mtazamaji anatambua kwamba ni mizimu.

"Na huyo mwanamke mzee ni nani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Ni Koko."

Koko ni nyanya yake, mama ya mume wangu, Mmaasai wa Kajiado ambaye hajawahi kutazama sinema bila kusinzia. Mimi ni Mkikuyu niliyeolewa kwa Wamaasai, na huyo mama mkwe namwita Yeyo, yaani mama, kama wanawe wanavyomwita. Niliposikia kwamba sinema itapigwa kwenye boma la Yeyo, nikaacha kubishana. Nikakubali kushona nguo zote. Haikuwa kwa ajili ya sanaa. Mimi na sanaa wapi na wapi. Nilitaka mume wangu arudi kwa mama yake.

Acha nieleze, maana jambo hili ndilo lililonifanya nivumilie ujinga wote uliofuata. Wakati wa kiangazi kile kirefu, mume wangu aliwachukua ng'ombe wa boma, wake na wa mama yake, akawaswaga kusini kuelekea Namanga kutafuta nyasi. Alirudi peke yake. Alipanda lori, na lori likapita njia panda ya kwenda kwa mama yake, na hakushuka. Alishuka Kitengela, akaingia nyumbani, akaomba maji ya kuoga. Tangu siku hiyo hakusema neno kuhusu ng'ombe, wala hakukanyaga kwa mama yake. Alipata kazi ya kulinda machimbo ya mawe, na kila jioni hurudi amejaa vumbi, anakula, analala.

Unga na sukari anamtumia mama yake kwa mkono wangu. Nikifika kule, Yeyo huchungulia nyuma ya bega langu, akiona niko peke yangu ananisalimia vizuri na kuniuliza habari za watoto. Kuhusu mwanawe haulizi. Hilo lilikuwa likinimaliza. Angeuliza ningemjibu, angelia ningelia naye. Lakini yule mama amenyamaza, na yule mwanamume amenyamaza, na mimi mwenye mdomo mrefu niko katikati nikibeba sukari. Nilimtumia mume wangu wazee, nikamtumia mchungaji. Wote aliwapa chai. Na mama mkwe anazeeka. Kila nikienda namkuta amepungua kidogo. Nilikuwa naogopa kwamba mume wangu atakuja kupita lango la mama yake siku ya mazishi tu. Kwa hiyo nikafikiri, mtoto wake akiwa pale na kamera, mama yake akiwa mwigizaji, ataona haya kukosekana. Haki ya nani, ningeshona hata mkia wa shetani kama ungemfikisha pale.

Nikaanza na malkia. Nilimshonea gauni jeupe la kitambaa cha pazia, refu, la kuburuta. Binti yangu alihitaji wanawake wa kumkimbia malkia huyo wakipiga mayowe, na kwa kuwa hana adabu ya kutafuta watu wake, nikawaomba kina mama wa kikundi chetu cha kanisa. Walikuja kwenye kiwanja nyuma ya kanisa, wamejaa furaha, wengine wamepaka mafuta mpaka wanang'aa. Malkia akatokea. Hakuna aliyekimbia.

"Kimbieni!" binti yangu akapiga kelele.

Mwenyekiti wetu akainua mkono. Huyu mama akiinua mkono hata mvua husubiri. "Ngoja, mwanangu. Malaika huvaa rangi gani?"

"Nyeupe, lakini hapa..."

"Na sisi kina mama, kilemba chetu ni rangi gani?"

"Nyeupe. Lakini hii ni ishara tu, si dini. Ni weupe wa kitu kilichokaushwa."

"Basi mpeni njano, kama majani ya mahindi yakikauka. Mimi siwezi kukimbia mtu amevaa kama mimi siku ya Jumapili. Watu wataniona."

Wakajadiliana pale kwa muda mrefu kuliko mkutano wa harambee. Mwishowe walikubali kutembea haraka. Ukiitazama sehemu hiyo leo utafikiri ni wanawake waliosahau sufuria jikoni. Ngai! Nilitamani kujificha ndani ya gauni la malkia.

Wiki iliyofuata tukaenda Kajiado kwa Yeyo kupiga sehemu ya zimwi. Nilimwomba mume wangu atupeleke. Alisema ana zamu machimboni. Nikamwambia zamu inaweza kubadilishwa. Akaniambia kiatu chake kimepasuka. Nikamwuliza anaendesha gari kwa kiatu au kwa mguu. Akatoka nje kuangalia kuku. Hatuna kuku.

Tulifika bila yeye. "Takwenya," nikamsalimia Yeyo. "Iko," akaitika, akachungulia nyuma ya bega langu, akaona binti yangu, kamera, na kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa amefungwa mita kadhaa za kitambaa cheusi. Binti yangu akainamisha kichwa, nyanya yake akakigusa. Kisha akatukaribisha chai. Kuhusu mwanawe hakuuliza.

Habari ilikuwa imeenea. Majirani wa boma walikuja kuangalia, na walikuja wamependeza, kila mtu na shuka yake nyekundu. Walijaa mbele, nyuma, pembeni, juu ya mawe. Nikamwona binti yangu anaanza kupumua vibaya.

"Mami, nyekundu ni mara moja tu."

"Waambie wao."

Na akaenda kuwaambia! Niliona kwa macho yangu mawili mtoto niliyemzaa akimwomba mzee wa watu avue shuka kwa sababu ya ishara ya uhai. Mzee alimsikiliza kwa upole mwingi, akaniangalia mimi, kisha akamwuliza kama shuleni walikuwa wanapewa chakula cha kutosha. Nilitaka ardhi ipasuke. Ikabidi tuwapange wote nyuma ya kamera, ambapo waliendelea kutoa maoni kwa sauti.

Kisha zimwi. Nilikuwa nimelishona kwa bitana nyeusi juu ya pete za waya, na kijana yule alilinyanyua kwa fimbo mbili mpaka likawa refu kuliko nyumba. Nikisema ukweli, nililionea fahari. Likaja polepole kutoka nyuma ya migunga, upepo ukilijaza, na mtoto mmoja pale nyuma akaanza kulia. Nikasema, asante Mungu, hatimaye kuna mtu ameogopa kitu.

Yeyo alipaswa kurudi nyuma akitetemeka. Badala yake aliinua uso, akafungua viganja vyote viwili, akatema mate kidogo ya baraka, na akaanza kuomba. Kule nyuma wanawake wakamwitikia.

"Koko, ogopa!"

"Niogope nini? Hiyo nyeusi si ni mvua?"

"Ni zimwi, Koko. Linameza watu."

"Mungu mweusi hamezi mtu," Yeyo akasema, kwa subira ya mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba. "Huyo ndiye wa mvua na nyasi. Mwenye hasira ni mwekundu. Yule wa mwaka ule wa kiangazi alikuwa mwekundu. Ukitaka niogope, lete huyo."

Binti yangu akageuka akaangalia ile halaiki ya shuka nyekundu nyuma yake. Akaketi juu ya jiwe. Tulirudia mara nyingi, na kila mara zimwi likitokea, Yeyo alilikaribisha. Mara ya mwisho alimwuliza yule kijana, kwa jinsi alivyokuwa akitoka jasho, kama angependa maziwa.

Njiani kurudi Kitengela nilimpa binti yangu maneno yake. Nilimwambia yeye ni Mmaasai upande mmoja na Mkikuyu upande wa pili, ana pande mbili za kuchotea maana ya rangi, na bado ameenda kuokota ya tatu kwa darasa la Nairobi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikamwambia, na wewe umevunja yote mawili na umemvunjia nyanya yako siku.

"Sikutoa darasani," akasema. Alikuwa akiangalia nje. "Mwaka ule nilikuwa nikienda kwa Koko na hii barabara. Si unakumbuka? Mizoga kila mahali, imekauka. Nyasi nyeupe. Hata mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna wingu. Na Baba alirudi na vumbi mpaka kwa kope. Sasa unataka niweke kifo rangi gani, Mami?"



Ilibaki sehemu moja tu, ile ya ng'ombe kurudi. Ng'ombe wa kweli binti yangu hakuwataka, kwa sababu ng'ombe wa kweli hawajui kuigiza mizimu. Vijana wa kwaya na vijana wa majirani ndio wangekuwa ng'ombe, wameinama, wamefunikwa majoho yenye kichwa na pembe za waya. Majoho meupe, bila shaka. Duka langu ni dogo, kwa hiyo nilikuwa nikiyashona nyumbani, na yaliyokamilika nayatundika ukutani sebuleni, moja kando ya lingine. Nyumba ikajaa ng'ombe weupe mpaka hakuna pa kuketi.

Mume wangu alirudi kutoka machimboni, akasimama mlangoni.

"Hawa ni nini?"

"Ni ng'ombe wa binti yako. Usiwaguse na hilo vumbi."

Akaenda kuoga. Akala amesimama jikoni. Siku ya pili hivyo hivyo. Nilimkasirikia kwa kweli. Nikajiambia mwanamume huyu hata ng'ombe wa pazia wanamkimbiza. Jioni iliyofuata nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, nikipima pindo la joho la mbele, akaja akasimama nyuma yangu.

"Hawakuwa weupe," akasema.

Sikugeuka. Nilikuwa karibu kumeza pini.

"Huyu wa mbele alikuwa mwekundu. Doa jeupe linaanzia tumboni, linapanda mpaka kwa bega. Pembe ya kushoto imeinama. Huyu ndiye wa kengele."

Nikatoa pini mdomoni, moja moja. "Sema tena. Doa linafika wapi?"

Akachukua chaki yangu ya kupimia akachora juu ya kitambaa.

Basi nikafumua. Nilifumua kazi yote ile, na mtu asiyeshona hajui uchungu wa neno hilo. Nilitafuta masalio ya sare za shule dukani: kahawia ya shule moja, maruni ya nyingine, kijivu, kaki, ya maziwa. Jioni baada ya jioni mume wangu aliketi sebuleni na mkasi wangu mdogo, akinielekeza. Huyu alikuwa kama majivu yaliyomwagikiwa chai. Huyu ana milia, lakini si milia ya kupakwa, milia inayofichwa mpaka jua limpige ubavuni. Kimaasai kina neno la kila mmoja wao. Kiswahili changu kina kahawia, basi. Nikishona doa mahali si pake alilibandua. "Chini kidogo. Hapana, umempa doa la dada yake." Wakati mmoja alicheka, kwa sababu ya ng'ombe fulani aliyependa kula nguo zilizoanikwa, na nikapiga cherehani kwa nguvu asije akaona machozi yangu akaacha.

Nikamwuliza kama ndio wote. Akaangalia ukuta kwa muda. Akasema ndio wote.

Binti yangu aliporudi na kuona, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mami! Umenifanyia nini? Umeniua!"

"Nimefanya vile baba yako alisema."

"Nikitoa weupe hadithi yote inaanguka! Mtu atajuaje wamekufa?"

"Baba yako anajua wamekufa!" nikapaza sauti mpaka jirani akazima redio. "Ameketi hapa na anaongea! Umemsikia lini mara ya mwisho akiongea? Na wewe unaniletea habari ya nyeupe ni hii, nyeusi ni ile! Nkt! Chukua hiyo nyeupe yako uitumie kwa harusi, kama kuna mwanamume atakayekuvumilia."

Alilia. Aliniambia nimemharibia kitu pekee alichowahi kukitengeneza mwenyewe, kwamba kila mtu amevaa rangi anayotaka na sasa sinema yake haisemi kitu. Nilimwonea huruma, lakini sikurudisha hata uzi mmoja. Kamera ilikuwa ya kuazima, ilitakiwa irudi Nairobi baada ya siku chache. Hakuwa na njia. Akaniambia sawa, kwa sauti ile ya watoto ambayo maana yake si sawa hata kidogo.

Siku yenyewe, mume wangu alivaa viatu bila kuambiwa. Akapakia majoho kwenye pikapu, akaketi nyuma ya usukani. Nilijifanya nafunga mkoba. Tulipofika njia panda akapunguza mwendo, nikashika mlango kwa nguvu, akakata kona.

Aliegesha mbali kidogo na boma. "Nitawapanga tu," akaniambia. "Wenyewe hawajui nani anatangulia. Kuingia siingii."

"Mama yako ako hapo ndani."

"Nimesema nitawapanga."

Nikahesabu hasira yangu nikaimeza. Aliwapanga kweli. Jua lilikuwa limeshuka, saa ya ng'ombe kurudi, na alipita kati ya vijana wale akiwarekebisha kama kweli wana kwato. Yule wa kengele mbele. Huyu anapenda kuchelewa, mwache achelewe. Mwimbaji mmoja wa sauti ya tatu aligombezwa vikali kwa kutembea karibu na ng'ombe ambaye, inasemekana, hawakuwa wakielewana. Kisha mume wangu akarudi nyuma, akasimama nje ya ua wa miiba, kando ya lango, mahali ambapo mama yake hangemwona isipokuwa akitoka.

Binti yangu aliweka kamera nje, nyuma yao, ili awapige wakiingia. Yeyo akasimama langoni, ndani, mkono mmoja juu ya gogo.

Kule hawahesabu mifugo kwa namba. Kuhesabu ni kuita mkosi. Mwenye boma husimama langoni ng'ombe wakiingia, anawaacha wapite mbele ya macho, na rangi zao zinamwambia kama wote wamefika. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia Yeyo kuhusu majoho mapya. Alijua tu kwamba vijana watakuja wamefunikwa shuka nyeupe na yeye aanguke chini kwa hofu.

Kengele ikalia. Yule mwekundu wa doa la begani akatokea.

Niliona mkono wa Yeyo ukiondoka kwenye gogo. Ng'ombe wa kwanza alipompitia, aliuweka mgongoni mwake na kusema jina. Si kwa sauti ya kuigiza. Kwa sauti ya mtu aliyechelewa kupika. Wa pili akapita, akamgusa, akamtaja. Wa majivu. Wa milia. Yule mla nguo alimpiga kofi dogo. Kule nyuma majirani waliokuwa wakitoa maoni siku zote hawakutoa hata moja. Binti yangu aliacha kuangalia kamera, akawa anaangalia kwa macho yake.

Wa mwisho akaingia, yule wa kuchelewa. Sasa Yeyo alipaswa kuvuta tawi la miiba, afunge lango, halafu aanguke.

Hakufunga. Alibaki anaangalia nje.

"Koko," binti yangu akaita polepole. "Funga sasa."

"Mmoja hayuko."

"Wote wameingia, Koko."

"Mmoja hayuko."

Mungu wangu, nikajua ni mimi. Nikajua nimeacha joho moja kwenye pikapu. Nikakimbia nikapekua nyuma, chini ya kiti, ndani ya mifuko, nikijitukana kwa Kikuyu. Hapakuwa na kitu. Niliporudi nikihema, mume wangu alikuwa ametoka pale alipojibanza. Amesimama wazi mbele ya lango, kofia mkononi, na mama yake anamwangalia.

Walizungumza Kimaasai. Kimaasai changu ni cha kuombea chumvi, lakini haya niliyaelewa yote.

"Ni yule mweusi wako," akasema. "Sikumtaja wakati wa kushona. Yeye hakufa mbele yangu."

Yeyo akangoja.

"Nilimwacha njiani akiwa bado anapumua."

"Alikuwa amesimama au amelala?"

"Amelala."

"Ulimwinua?"

Ng'ombe akidhoofika kwa njaa hulala na asubuhi hawezi kusimama tena. Wachungaji humnyanyua kwa mkia na mbavu mpaka miguu ikumbuke kazi yake. Mume wangu alikuwa peke yake.

"Kila asubuhi nilimwinua. Siku hiyo nilimwinua mpaka mikono ikakataa. Akawa ananiangalia tu, Yeyo. Wengine walikuwa wanaanguka mbele. Nikaenda. Nilipogeuka bado alikuwa ananiangalia."

Mama yake hakulia. Alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, bila haraka, vile alivyowatazama wale wengine.

"Ingia," akasema. "Giza linaingia, nataka kufunga."

Mume wangu akainama akapita langoni. Yeyo akamwekea mkono mgongoni, akamtaja jina. Kisha akavuta tawi la miiba, akafunga, na mimi na binti yangu na kamera yake tukabaki nje.